Kompyuta Imegoma Kuwaka: Angalia Hapa Kabla ya Kupiga Windows

Kompyuta ya nyumbani au ya dukani ikigoma kuwaka, ushauri wa kwanza utakaoupata mtaani, iwe Sogea, Mpemba, Mlowo au Vwawa, ni kwamba ipelekwe ikapigwe Windows, yaani isakinishwe upya. Anayekushauri hivyo ana nia njema, lakini mara nyingi dawa hiyo haihusiani na ugonjwa uliopo. Kupiga Windows kunaponya tatizo la aina moja tu, la programu zilizovurugika, na kusipofanywa kwa uangalifu kunafuta barua, hesabu na picha zilizokusanywa kwa miaka. Mkoani Songwe watu wengi wanazitegemea kompyuta hizi hata kama hawazimiliki. Steshenari zinaandika barua na kuchapa fomu, mawakala wa forodha Tunduma wanaandaa nyaraka za malori yanayovuka kwenda Nakonde, vyama vya ushirika vya wakulima wa kahawa Mbozi vina orodha na hesabu za kutunza. Mashine moja ikilala, kazi ya watu wengi inalala nayo.

Kompyuta huwaka kwa hatua, na hakuna hatua inayorukwa. Kwanza umeme unaingia, na pawasaplai inaugeuza kutoka volti 230 za ukutani kuwa volti 12, 5 na 3.3 zinazohitajika ndani. Umeme ukitulia, prosesa inaamka na kusoma programu ndogo iliyomo kwenye madabodi, ile ambayo mafundi huiita bayosi. Bayosi inakagua ram, yaani kumbukumbu ya muda, na sehemu ya picha, ndipo nembo ya Dell, HP au Lenovo inapotokea kwenye kioo. Baada ya hapo inaitafuta diski yenye mfumo endeshi, na Windows inapokea kazi mwishoni kabisa. Kwa hiyo kompyuta isiyowasha hata taa haiwezi kuwa na ugonjwa wa Windows, kwa sababu Windows haijafikiwa. Ukijua mashine yako imekwama hatua ipi, umeshajua nusu ya tatizo, na fundi hataweza kukuuzia kifaa usichokihitaji.

Umeme

Haitoi mlio, feni haizunguki, taa haziwaki: anza ukutani. Hakikisha LUKU haijaisha, kisha chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile. Simu ikichaji, toa ekstensheni na uchomeke kompyuta moja kwa moja ukutani. Plagi yenye pini tatu za mraba ina fyuzi ndani yake, na fyuzi hiyo ikiungua waya wote unakuwa kama umekufa. Waya wa kompyuta ya mezani kwa kawaida ni sawa na wa monita, hivyo ubadilishane nao ujaribu. Angalia pia nyuma ya kasha, karibu na mahali waya unapoingia. Pana swichi ndogo yenye alama za I na O, ambayo hugongwa bila kukusudia wakati wa kufagia au kusogeza meza. Iwe kwenye I.

Wanaonunua mashine za mitumba wana jambo moja zaidi la kuchunga. Pawasaplai nyingi za zamani zina swichi nyekundu ya kuchagua kati ya 115 na 230. Marekani wanatumia volti 120 na Japani 100, kwa hiyo mashine iliyotoka huko inaweza kufika ikiwa kwenye 115. Ukiichomeka hivyo kwenye umeme wetu, pawasaplai inapasuka papo hapo. Igeuze kwanza kwa ncha ya bisibisi, kabla waya haujachomekwa kwenye umeme. Pawasaplai za kisasa hazina swichi hiyo kwa kuwa zinapokea volti za aina zote mbili. Mashine iliyokuwa ikitumika ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia, haina tatizo hilo, maana umeme wao ni wa volti 230 kama wetu.

Upo ugonjwa mwingine wa umeme unaowasumbua sana wenye steshenari, na ni rahisi kuusingizia virusi. Kompyuta inafanya kazi vizuri asubuhi nzima, halafu inajizima na kuwaka yenyewe. Ikiwaka tena inakaa sawa, kisha inarudia. Tazama inajizima wakati gani. Mashine ya fotokopi na printa ya leza zina sehemu ya kuyeyushia wino wa unga kwenye karatasi, na sehemu hiyo ikianza kupasha moto inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Zikiwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta, na umeme wa mtaa wenyewe ukiwa mdogo, volti zinashuka kwa muda mfupi sana na pawasaplai dhaifu inakata. Itenge kompyuta kwenye soketi yake. Fotokopi usiiweke kabisa kwenye UPS, yaani kifaa chenye betri ya akiba ya umeme. UPS ndogo za madukani hazikutengenezwa kwa mzigo huo, nazo zitakufa mapema. Vijijini Momba na Ileje, penye sola, inveta ya bei nafuu inayotoa umeme usio laini nayo inaweza kuifanya pawasaplai ilie au igome, wakati taa na televisheni zinafanya kazi bila shida.

Laptopu huvumilia zaidi kupanda na kushuka kwa volti, kwa sababu chaja yake kwa kawaida imeandikwa inapokea 100 hadi 240, halafu kuna betri. Ugonjwa wake wa umeme mara nyingi uko kwenye chaja au tundu la chaja. Soma lebo ya chaja: volti ziwe zilezile zilizoandikwa chini ya laptopu, na wati zisipungue. Chaja za Dell zenye kisindano chembamba katikati ya plagi hujitambulisha kwa laptopu kupitia kisindano hicho. Kikipinda au kikivunjika, laptopu itawaka ikiwa kwenye umeme lakini betri haitaingiza chaji, na mtu atanunua betri mpya bure.

Kabla ya kukata tamaa na mashine iliyokufa kabisa, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Chaji iliyobaki ndani, ambayo wakati mwingine huifunga madabodi isiamke, inaisha. Rudisha chaja peke yake bila betri, uwashe. Baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo, hatua hii huamsha mashine nyingi ambazo wenyewe walishaziaga.

Sanduku la pawasaplai lenyewe usilifungue. Kapasita zake hushika umeme wa kuumiza hata baada ya waya kuchomolewa. Na betri ya laptopu iliyovimba, ile inayoinua kibodi au kufanya kifuniko kisifunge vizuri, usiitoboe wala kuichaji tena. Iondoe kwenye mashine na uiweke mbali na vitu vinavyoshika moto.

Taa zinawaka, kioo ni cheusi

Hapa umeme umefika, na tatizo liko kwenye kioo, ram au madabodi. Kioo ndicho rahisi kukijaribu. Unganisha laptopu na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikionekana kwenye televisheni, kompyuta ni nzima na kioo ndicho kilichoharibika. Kama huna waya, ingia chumba chenye giza na umulike kioo kwa tochi ya simu kwa ubavu. Ukiona maandishi hafifu kwa mbali, basi ni taa ya nyuma ya kioo iliyokufa, na faili zako zote zipo.

Kioo kikiwa sawa, sikiliza milio na uhesabu kumeta kwa taa. Mashine hutumia idadi ya milio au kumeta kutaja kifaa kilichogoma, na kila kampuni ina hesabu yake iliyoelezwa kwenye kitabu cha mashine husika. Mara nyingi kinachotajwa ni ram, na ram ndicho kifaa ambacho mtu yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kukihudumia kwenye kompyuta ya mezani.

Chomoa waya na ubonyeze kitufe cha kuwashia sekunde chache umeme uishe. Fungua kasha. Gusa kwanza chuma kisichopakwa rangi, kwa sababu miezi mikavu na ya baridi ya Juni na Julai, tunaposhinda tumevaa masweta, mwili hubeba umeme tuli unaoweza kuua vifaa bila wewe kuhisi chochote. Ram ni kibao chembamba cha kama sentimeta 13, kimesimama wima karibu na feni ya prosesa. Kwenye laptopu ni kifupi, chini ya sentimeta 7, nacho hulala. Sukuma vishikizo vya pembeni kuelekea nje, kibao kitainuka chenyewe. Kishike kwa kingo. Ukingo wa chini una meno mengi madogo ya rangi ya dhahabu. Yakiwa yamepoteza mng'ao, yasugue taratibu pande zote mbili kwa raba nyeupe ya penseli, kisha pangusa unga wa raba kwa brashi laini na kavu. Katika ukingo huo kuna pengo ambalo halikukaa katikati kamili, ndiyo maana kibao hakikubali kuingia kinyume. Lilinganishe na tuta lililo kwenye tundu lake, kandamiza pande zote kwa vidole gumba mpaka vishikizo vijifunge vyenyewe. Vibao vikiwa viwili, washa kwa kimoja kimoja, na kwenye matundu tofauti. Hivyo utajua kibovu ni kibao au ni tundu.

Inawaka, halafu inazima bila taarifa

Ikidumu dakika kumi au ishirini kisha ikazima ghafla, na ukiiwasha mara moja inadumu muda mfupi zaidi, hilo ni joto. Vumbi la kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, hujaza mapezi ya chuma yaliyo juu ya prosesa, hasa kwenye maduka yanayotazama barabara kuu ya kwenda Zambia ambako malori hayapungui. Zuia feni isizunguke kwa kuishika na kijiti, pangusa kwa brashi, puliza kwa kipulizio na si kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu. Mashine ya miaka mingi huenda ikahitaji pia gundi mpya ya kupitishia joto kati ya prosesa na chuma chake. Hiyo ni kazi ndogo kwa fundi. Laptopu isitumike juu ya blanketi wala godoro, kwa kuwa tundu lake la hewa liko chini.

Diski, yaani kazi yako

Nembo imetokea, kisha kioo kikaandika No bootable device au maneno yanayofanana na hayo. Chomoa kwanza flashi zote. Mashine iliyopangwa kuanzia kwenye flashi inaweza kukwama hapo kwa sababu tu mteja aliisahau flashi yake. Ikiendelea, ingia kwenye bayosi kwa kugonga F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP, au F1 kwenye ThinkPad za Lenovo mara baada ya kuwasha, uone kama diski inaorodheshwa.

Ukiwa humo, tazama tarehe. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, betri ndogo ya duara kwenye madabodi, CR2032 ya volti 3, imekwisha. Betri hiyo hutunza saa na mipangilio ya bayosi. Ikifa, mipangilio inarudi ya kiwandani, na namna ya kuwaka inaweza kubadilika kutoka UEFI, ile ya kisasa, kwenda ya zamani au kinyume chake, hivyo diski nzima ikaonekana kama haina Windows. Watu wamefutiwa diski kwa kosa hili. Betri hiyo ni ya bei ndogo. Ibadilishe, rekebisha tarehe, rudisha namna ya kuwaka ilivyokuwa, na mashine itaendelea.

Diski isipoorodheshwa kwenye kompyuta ya mezani, chomoa na uchomeke upya waya zake mbili, wa umeme na wa data. Kisha sikiliza. Diski ya zamani ina sahani zinazozunguka na kichwa kinachosoma bila kuzigusa. Mlio wa tiki-tiki unaojirudia kwa mpangilio mmoja ni kichwa kinachoshindwa kusoma na kurudi mwanzo, kikirudia na kurudia. Ukiusikia, zima. Usijaribu kuiwasha mara kumi ukitumaini itakubali, wala usiruhusu mtu apige Windows juu yake. Kila dakika inayozunguka inaweza kuwa inaharibu kile kilichobaki. Diski za kisasa za SSD hazitoi mlio. Zenyewe zinaweza kupotea siku moja bila dalili, ndiyo maana zinahitaji nakala ya akiba kuliko hata zile za zamani.

Diski ikionekana na haipigi kelele, lakini Windows haifunguki, okoa faili kabla ya tiba nyingine yoyote. Chukua flashi ya GB 8, na kwenye kompyuta ya rafiki uiwekee Linux Mint, ambayo ni ya bure. Washa mashine yako kupitia flashi hiyo kwa kugonga F12 kwenye Dell na Lenovo au F9 kwenye HP. Linux itafunguka kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, mradi tu usichague kuisakinisha. Fungua diski yako, nakili faili kwenye diski ya nje. Kama huwezi mwenyewe, mwombe fundi afanye hivyo mbele yako. Watu wengi huamini kilichoko Desktop na Documents kiko salama, lakini vyote viwili viko ndani ya diski C, sehemu inayofutwa kwanza Windows inapopigwa.

Windows inaanza, kisha inaanguka

Skrini ya bluu, ambayo kwenye Windows 11 iliyosasishwa tangu 2025 imekuwa nyeusi, huandika jina la kosa kwa herufi kubwa. Ipige picha kwa simu. Kompyuta isipofika kwenye Desktop, ikatize mara mbili au tatu mfululizo kwa kushikilia kitufe cha kuwashia pale tu viduara vinapoanza kuzunguka. Windows 10 na 11 zitafungua zenyewe ukurasa wa matengenezo. Chagua Troubleshoot, halafu Advanced options. Humo mna Startup Repair ya kurekebisha kuwaka, Uninstall Updates ya kuondoa sasisho la karibuni, System Restore ya kuirudisha mashine ilivyokuwa siku za nyuma, na Startup Settings, ambako ukibonyeza 4 unaingia katika hali salama. Katika hali salama Windows inapakia vitu vya lazima tu, na hapo unaweza kuondoa programu iliyowekwa siku ambayo matatizo yalianza.

Kwa mfano, tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la kampuni ya ulinzi wa kompyuta CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows kama milioni 8.5 duniani. Ndege nyingi zilibaki chini, kazi za hospitali na benki nyingi zikavurugika. Tiba iliyotumika ilikuwa kuingia katika hali salama, kufuta faili moja, na kuwasha upya. Yeyote aliyekimbilia kupiga Windows siku ile alipoteza kitu bure.

Ukurasa wa matengenezo ukikuomba tarakimu 48, diski yako imefungwa kwa BitLocker, jambo ambalo laptopu nyingi mpya hulifanya zenyewe. Tarakimu hizo kwa kawaida huhifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha laptopu mara ya kwanza, mara nyingine akaunti ya kijana wa dukani aliyekusaidia kuiwasha. Zitafute leo, mashine ikiwa nzima, uziandike kwenye daftari. Bila hizo, hakuna fundi Tunduma, Dar es Salaam wala Marekani atakayezifungua faili zako.

Radi na sasisho

Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zetu huja na radi. Kuzima kompyuta hakutoshi. Chomoa waya wa umeme, na waya wa intaneti pia, kwa sababu radi hupita hata huko. Fundi umeme ahakikishe waya wa ethi wa nyumba umefika ardhini kweli, kwani bila huo kinga za kwenye ekstensheni hazina pa kuupeleka umeme uliozidi.

Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi haikubali karibu prosesa zote za Intel za kabla ya kizazi cha nane. Anayenunua mtumba sasa aulize kizazi cha prosesa kabla ya bei. Aliye na mashine ya zamani iliyo nzima anaweza kuiwekea Linux Mint na kuendelea kuandika barua na kuchapa. Hiyo ni salama kuliko Windows iliyofunguliwa kwa programu za wizi, ambazo mara nyingi ndizo zinazoingiza virusi.

Kwa fundi

Ukifika kwa fundi, mweleze mashine ilikwama hatua ipi, umeshajaribu nini, na umwonyeshe ile picha ya kosa. Mwambie kabla hajaigusa kwamba diski isifutwe bila ruhusa yako. Ukitunza nakala za vitambulisho vya NIDA au pasipoti za wateja, kumbuka kwamba zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Kama tatizo si la diski, itoe ubaki nayo. Kwenye kompyuta ya mezani kwa kawaida ni skrubu nne na waya mbili tu. Kifaa kikibadilishwa, omba cha zamani. Siku ya kuichukua usilipe kabla hujaiwasha palepale, ukafungua faili zako mbili tatu za zamani, ukaizima kabisa, ukasubiri kidogo na kuiwasha mara ya pili, kwa sababu mashine yenye kasoro ya umeme au joto huweza kupita jaribio la kwanza vizuri tu.